Lady Be Good: Lawama ni ya mwongoza njia au ya antena?

Saa sita na dakika 12 usiku wa kuamkia tarehe 5 Aprili 1943, rubani William Hatton aliita kwa redio kituo cha Benina, karibu na Benghazi nchini Libya. Kifaa chake cha kutafutia mwelekeo kilikuwa kimegoma, akaomba aelekezwe nyumbani. Kituo kikamjibu kwa nambari moja: nyuzi 330 za dira. Maana yake ni kwamba ndege iko kaskazini magharibi ya kituo, bado juu ya bahari, kwa hiyo aendelee mbele. Hatton akaendelea. Kumbe uwanja wake wa Soluch ulikuwa umeshabaki nyuma, na kila dakika iliyopita ilizidi kumwingiza Sahara.

Ndege yenyewe ilikuwa B-24D Liberator ya jeshi la anga la Marekani, ya injini nne, ubavuni imeandikwa Lady Be Good. Liberator zilitengenezwa zaidi ya 18,000 katika Vita vya Pili vya Dunia, na nyingine zilipiga safari za vita hadi rangi ikababuka. Hii ilifika kikosini mwishoni mwa Machi 1943, ikatoka mara moja tu kwenda kupiga mabomu, basi. Wale tisa waliopanda siku hiyo nao walikuwa wageni wa kazi. Ndiyo ilikuwa safari yao ya kwanza vitani.

Ndege 25 zilipangwa kushambulia bandari ya Naples. Wakati wa kuruka, alasiri ya tarehe 4, dhoruba ya mchanga ilikuwa imeufunika uwanja. Baadhi ya ndege ziliingiwa na mchanga kwenye injini zikarudi. Hatton aliruka akiwa miongoni mwa wa mwisho, akasonga mbele. Walipokaribia Naples giza lilikuwa limeshatanda na shabaha haionekani, wakageuza na kuyatupa mabomu baharini. Ndege nyingine zote za siku ile zilipatikana. Lady Be Good peke yake haikurudi. Kulipokucha watafutaji walikwenda kuitafuta wapi? Baharini, bila shaka, maana nambari 330 ilikuwa imeshasema hivyo. Hawakuona kitu, na faili likafungwa kwa maelezo kwamba imezama.

Mwaka 1958 watafiti wa mafuta wa Uingereza waliiona kutoka angani, imelala tumbo kwenye changarawe tupu, zaidi ya kilomita 600 kusini mashariki ya Soluch. Waliofika hapo kwa magari mwaka 1959 walikuta bunduki zinafyatua, redio inafanya kazi, na chupa ya chai ambayo kinywaji chake bado kilinyweka. Mtu hakuwepo hata mmoja, wala parachuti.

Tangu hapo mjadala haujaisha: nani aliipoteza?

Wengi humwangalia kwanza D. P. Hays, mwongoza njia wa ndege ile, aliyeshika ramani na dira. Hoja yao ni nzito kuliko watetezi wake wanavyokubali. Kutoka Naples hadi Soluch ni kama kilomita 1,100, na kwa mwendo wa Liberator hiyo ni safari ya saa nne hivi. Waligeuza kama saa mbili usiku. Basi kufika saa sita walipaswa kuwa wanaanza kutafuta ufuo, na kufika saa saba, kama hawajauona, kengele ingelia kichwani mwa mtu yeyote. Hata abiria wa basi aliyesinzia, akiamka na kuona saa zimezidi, humuuliza kondakta kama kituo chake hakijapitwa. Ndani ya ndege ile walikuwemo watu tisa, na wanne kati yao walikuwa maofisa waliosomea kazi hii. Waliruka karibu saa mbili nzima kupita muda wa kufika. Mafuta yalipoelekea kwisha, kwenye saa nane, wakajirusha kwa parachuti. Ndege ikaendelea peke yake, injini moja bado inazunguka, ikatua yenyewe kama kilomita 25 mbele.

Upande wa pili una antena. Benina ilitumia antena ya kitanzi. Unaizungusha hadi mlio wa redio ufifie, ndipo unasoma nyuzi. Shida ni kwamba antena hiyo inajua mstari, haijui ncha. Ni sawa na kushika kamba katikati gizani: unahisi kuna mtu anaivuta, lakini hujui yuko kulia au kushoto. Nyuzi 330 na nyuzi 150 ni mstari ule ule mmoja, zinatofautiana 180. Ndege iliyo baharini kaskazini magharibi na ndege iliyo jangwani kusini mashariki zitatoa usomaji sawasawa. Aliyekuwa zamu alichagua 330. Nani angechagua nyingine? Usiku kucha ndege zilikuwa zinatoka Italia.

Kutambua ncha sahihi hakukuhitaji miujiza. Kituo cha pili kikisoma mwelekeo kutoka mahali pengine, mistari miwili hukutana na jibu linakuwa moja. Au kituo kile kile kingesoma tena baada ya dakika kadhaa huku rubani akigeuka kidogo. Usiku ule Hatton alipewa jibu moja, likaishia hapo.

Mimi naona wanaomtetea Hays kwa kusema “antena ilimdanganya” wanarahisisha, na wanaomhukumu kwa saa yake wanasahau kitu kimoja kidogo. Saa ya mkononi haisemi uko wapi. Inasema umeruka kwa muda gani tu. Mahali unapakisia kwa kujua upepo. Hawa walitoka kwenye dhoruba, wamekaa hewani zaidi ya saa nane, na upepo wa kurudi inadhaniwa ulikuwa unawasukuma kwa nyuma. Kama Hays aliamini upepo unawapinga, basi kuchelewa kufika ni jambo la kawaida kabisa. Akiwa katika shaka hiyo, kikaja kituo rasmi, chenye watu wazoefu, kikamthibitishia alichotaka kusikia. Ofisa kijana katika safari yake ya kwanza atabishana na Benina? Kosa la hesabu lilikuwa lake, hilo simwondolei. Lakini kosa la hesabu hutokea kila siku, na kituo kama Benina kiliwekwa kwa ajili ya kulikamata. Badala ya kulikamata kikaligonga muhuri. Kwangu mimi, uzito mkubwa wa lawama uko hapo: kwenye mpango uliowapeleka wageni watupu usiku, na kuwaachia nambari moja ambayo hakuna aliyepewa kazi ya kuihakiki.

Kuna lawama ya pili, ile ya jangwani, na hii naiona ya kionevu. Watu husema: ndege ilikuwa na maji na chakula kidogo, na redio nzima, kwa nini hawakuifuata kusini? Wanane walikutana mchangani usiku ule. Wa tisa, mrusha mabomu John Woravka, walimwita hawakumpata. Parachuti yake haikufunguka vizuri, na mwili wake ulipatikana Agosti 1960. Hao wanane walijua kwamba wamepitiliza bahari. Hawakujua wamepitiliza kwa kiasi gani. Kwa picha iliyokuwa vichwani mwao, ufuo ulikuwa karibu, na ndege isiyo na mtu wala mafuta huenda imeshakuwa vipande mahali wasipopajua. Wakageuka kaskazini magharibi, kwa mstari ule ule waliokujia. Yaani walikuwa wakitembea kuelekea 330.

Rubani msaidizi, Robert Toner, aliandika shajara fupi ya kila siku iliyokutwa mfukoni mwake. Anaandika kwamba wana nusu chupa ya maji kwa wote, na mgawo ni kizibo kimoja kwa mtu kwa siku. Kizibo cha chupa ya askari! Mchana jua, usiku baridi isiyolalika. Watano walipoishiwa nguvu, watatu waliendelea kutafuta msaada. Maandishi ya mwisho ni ya tarehe 12 Aprili: msaada bado, na usiku wa baridi kali. Siku nane kwa maji yale. Anayewaita wajinga aliyeandika hayo na wenzake sijui anapima kwa kipimo gani.

Habari za laana, kwamba ndege zilizofungwa vipuri vya Lady Be Good zilipata ajali, siziingii. Ni kweli ndege ndogo ya jeshi iliyowekewa kiegemeo cha mkono kutoka kwake ilianguka Ghuba ya Sidra mwaka 1960. Ndege za jeshi zilianguka mara nyingi hata bila kiegemeo hicho.

Lililonigusa zaidi ni la watafutaji wenyewe. Mwaka 1959 timu ya jeshi la Marekani ilikuta buti zilizovuliwa na vipande vya parachuti vilivyokandamizwa kwa mawe, vimepangwa kama mishale inayoonyesha njia. Wakaifuata mishale hadi ukingo wa Bahari ya Mchanga ya Calanshio, ambako alama zilikoma. Wakakadiria binadamu asiye na maji anaweza kufika wapi, wakaona hakuna awezaye kwenda mbali zaidi, wakahitimisha kwamba miili imefukiwa na mchanga. Februari 1960 wafanyakazi wa mafuta wakaikuta miili mitano pamoja, akiwemo Hatton, Toner na Hays, ndani kabisa ya matuta, zaidi ya kilomita 100 kutoka walikoshukia. Mei mwaka huo Guy Shelley akapatikana zaidi ya kilomita 30 mbele yao, kisha Harold Ripslinger, mbele pia. Vernon Moore, wa tatu kati ya walioendelea, hajatambuliwa rasmi hadi leo.