Vinasaba vya planktoni: mwanafunzi ashike wavu au kompyuta?

Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuchunguza vinasaba vya planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini, siku hizi hushauriwa aachane na boti, afungue kompyuta. Ushauri huo una mantiki. Msafara wa Tara Oceans, uliozunguka bahari za dunia kati ya 2009 na 2013, ulizaa orodha ya jeni zaidi ya milioni 40, na data yake iko wazi kwa yeyote, awe Mombasa au Buyu, Unguja.

Maabara, kwa upande mwingine, ni gharama tupu. Vitendanishi, yaani kemikali za vipimo, vingi huagizwa nje na baadhi vinataka baridi safari nzima. Umeme ukikatika usiku, jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri linaanza kupata joto na sampuli za msimu mzima zimo ndani. Kompyuta haina presha hiyo, ingawa wanaosema data ni ya bure hawajawahi kununua bando la kupakulia mafaili ya gigabaiti mia.

Lakini Tara ilikatiza Bahari ya Hindi mwaka 2010, ikaenda zake. Maji ya Unguja wakati wa kaskazi si yale ya kusi. Trichodesmium, bakteria anayenasa naitrojeni ya hewani na kurutubisha maji haya, hushamiri zaidi kaskazi. Meli inayopita mara moja itayaonaje mabadiliko hayo? Anayeishi hapa, mwenye wavu wa matundu ya maikromita 20 na chupa za ethanoli, anarudi palepale kila mwezi. Huko ndiko kuna utafiti ambao bado haujafanywa.

Shida ni kwamba mwenye wavu hugeuzwa upesi kuwa mchota maji wa mradi wa wengine. Sampuli zinapanda ndege kwenda Ulaya, jina lake linapachikwa katikati ya waandishi wa makala, na uchambuzi hakuugusa. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu rasilimali za vinasaba unaotumika tangu 2014, inadai faida igawanywe na nchi zilikotoka, ila vinasaba vikishaingizwa kwenye kanzidata huria, kufuatilia nani kanufaika ni kazi.

Mimi ningetanguliza wavu, kwa sharti. Mkataba wa sampuli useme wazi kwamba zikisafiri, mwanafunzi anasafiri nazo, anazichambua mwenyewe na kurudi na data ghafi. Mshirika akikikataa kifungu hicho, sampuli zisiondoke.