Onyo la sekunde mbili

Mpwa wangu yuko darasa la tatu. Jumapili iliyopita tulikuwa barazani tunacheza drafti, yeye visoda chali, mimi kifudifudi, redio ya jirani ikapiga tangazo la bia. Mtoto hakuinua kichwa. Aliimba nalo mwanzo mpaka mwisho, na lilipofika lile onyo la kufungia, linalosomwa kama mtu anayekimbilia daladala, akalisoma naye kwa kasi ileile, pumzi moja: "Hairuhusiwikuuzwakwawaliochiniyamiakakuminanane, kunywakistaarabu." Kisha akala kete zangu mbili.

"Mjomba, cheza."

Sikujua nicheke au nimkanye. Kwake onyo lile ni kiitikio. Halimhusu, ingawa yeye ndiye hasa anayetajwa.

Nisijifanye mlokole, bia nakunywa. Lakini siku nilipoagiza ya kwanza maishani, mhudumu aliponiuliza "ipi?" jina lilinitoka kabla sijafikiri. Lilikuwa mdomoni tangu shule ya msingi, pamoja na wimbo wake. Hapo ndipo ninapobishana na wanaosema tangazo linamlenga mtu mzima aliyekwisha kuamua kunywa. Mimi niliamuliwa nikiwa na kaptula.

Na wala haikuwa lazima mtu aniambie "kunywa." Bia inajua kukaa jirani na kila kitu ambacho kijana anakipenda. Tuzo kubwa za muziki nchini zilijulikana kwa miaka kama Tuzo za Kili, na hakuna aliyekuwa anafikiria mlima. Simba na Yanga, wasiokubaliana hata kama leo ni Jumanne, waliwahi kuvaa bia moja kifuani. Taifa Stars nayo imedhaminiwa na Serengeti na imedhaminiwa na Kilimanjaro. Jirani zetu Kenya walianzisha Tusker Project Fame mwaka 2006, vijana wanafundishwa kuimba ndani ya jumba lenye jina la bia, na sisi huku tukikesha kuona nani anatolewa. Sheria ikija kukagua maneno ya tangazo itakuta nini hapo? Jezi haisemi kitu.

Ufaransa waliliona hili mapema. Sheria yao ya 1991, wanayoiita Loi Évin kwa jina la waziri Claude Évin, iliiondoa pombe kwenye televisheni na kwenye udhamini wa michezo. Kombe la raga la Ulaya, ambalo kwingine liliitwa Heineken Cup, likivuka mpaka kuingia Ufaransa lilikuwa H Cup. Herufi moja tu. Mpira ulichezwa vilevile.

Najua swali linalofuata: nani atalipa mishahara ya wachezaji? Ni swali la haki, ila jibu tulilolipata sisi mwaka 2017 lilikuwa SportPesa, kampuni ya kubeti, kwenye jezi za Simba na Yanga zote mbili, na leo mpwa wangu anajua mpaka mkeka ni nini. Mwaka huohuo, Machi 1, serikali ilipiga marufuku viroba, vile vipakiti vya pombe kali vilivyoweza kuingia mfuko wa sare ya shule bila kutuna. Nilishangilia, na bado nashangilia. Lakini walifunga kipakiti, wimbo hawakuugusa. Mimi ningetaka majina hayo yatoke kwenye jezi na kwenye tuzo, na matangazo yasisikike redioni mpaka watoto wawe wamelala.

Upande wa dawa nilidhani tuko salama, maana dawa ya cheti haitangazwi kwa wananchi hapa kwetu. Mpaka binti wa mdogo wangu, ana miaka 19, yuko chuo, aliponipigia: "Baba mkubwa, shikamoo. Hivi Ozempic inapatikana Kariakoo?"

Ozempic ni sindano ya watu wenye kisukari cha aina ya pili. Binti hana kisukari, na upepo wa Kigamboni ukivuma inabidi ashike mlango. Ameiona TikTok, ikisifiwa kwa kupunguza mwili. Marekani na New Zealand ndizo nchi zinazoruhusu dawa za namna hiyo kutangazwa moja kwa moja kwa watu wa kawaida, na tangu 1997 Marekani ilipolegeza masharti ya televisheni, matangazo hayo yamekuwa na mtindo wake: mama anacheka na mbwa wake, jua linazama, huku sauti laini inapitia kichefuchefu, kuvimba kongosho na hatari ya uvimbe kwenye tezi ya shingo. Mambo yalifika mahali ambapo mwaka 2023 mamlaka yao ya dawa, FDA, ilitoa kanuni kwamba madhara yaelezwe wazi, yasifunikwe na picha wala muziki. Kanuni ya namna hiyo haitungwi kama hakuna kinachofunikwa.

Na hilo ni tangazo likiwa kwao. Likishakatwakatwa vipande vya simu na kufika Sinza, hata ile sauti laini haipo. Kimebaki kiuno. Wauzaji wetu wa mitandaoni nao hawako nyuma. Krimu za kung'arisha uso wanazozisifia kwa picha za "kabla na baada" nyingine zina clobetasol, steroidi kali ambayo inatakiwa itoke kwa daktari, na inayoifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya maandazi. Onyo? Namba ya WhatsApp.

Sikumgombeza. Nilimwambia aje nyumbani, nikafungua karatasi ya maelezo ya dawa yenyewe kwenye simu, yeye akasoma kwa sauti, polepole, mimi nikitafsiri pale Kiingereza cha kidaktari kilipomshinda. Chai ilipoa tukiwa bado hatujafika nusu. Kwenye kongosho alisimama, akashika ubavu, akauliza liko upande gani.