Mama wa mahamri naye ana wito

Jumanne nilijaza fomu. Hapa Ujerumani huwezi kuishi bila fomu: ya nyumba, ya bima, ya maktaba, na karibu kila moja ina kisanduku kilichoandikwa Beruf. Huu ni mwaka wangu wa sita, na humo huandika "mwuguzi wa wazee" nikaendelea, kwa sababu nilifunzwa kwamba neno hilo ni "kazi", basi. Jioni ya siku hiyo hiyo nikaenda kwenye darasa letu la katekisimo, mafundisho ya msingi ya imani yetu ya Kilutheri. Tuko wanane, mmoja fundi bomba, mwingine dereva wa basi aliyestaafu. Mchungaji wetu, ambaye ni mwanamke, akaandika Beruf ubaoni, akapiga mstari chini ya herufi tatu za mwisho. Ruf. Wito. Akatueleza kuwa zamani wito ulikuwa wa mtawa na padri, na Martin Luther ndiye aliyelichukua neno hilo akalipa kazi ya kila siku alipokuwa akitafsiri Biblia. Likakaa hapo hadi leo, mpaka kwenye fomu za serikali.

Usiku ule sikupata usingizi. Nilimuwaza mamangu.

Mamangu anapika mahamri Mikindani, Mombasa. Tangu sijaanza shule anaamka saa kumi alfajiri, anakanda, anasukuma, anakaanga, na kukipambazuka makuli wa zamu ya asubuhi wanasimama mlangoni na mifuko yao wakingoja mahamri na mbaazi. Alitusomesha wanne kwa karai lile. Na katika miaka yote hiyo, mimbarani hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ule ni wito. Aliambiwa ajitahidi kuja maombi ya alfajiri. Alfajiri!

Nyinyi wa nyumbani mnajua neno "wito" lina maana gani kwetu. Mtu akisema "nimepata wito", hakuna anayemuuliza ni wa nini. Anaacha kazi, anatafuta ukumbi na vipaza sauti. Binamu yangu alikuwa fundi wa kuchomea vyuma pale Magongo, na mageti yake nikipita bado nayajua kwa jicho, hayana mshono uliopinda. Akatokea mtumishi mmoja wa Mungu, simtaji, akamwambia Mungu hakumuumba ashike vyuma. Aliuza mashine. Pesa zikapandwa kama mbegu, yaani sadaka ya kungoja baraka. Leo watoto wake wawili wako nyumbani kwa ajili ya karo, na mageti mtaani yanachomewa na vijana wasiojua kupima. Nikilitaja hili naambiwa nina uchungu. Ndiyo, ninao.

Sisi Walutheri wa Mombasa ni wachache. Uluteri wangu niliupata kwa babangu, aliyeutoa Machame, Kilimanjaro, akaja nao kutafuta kazi pwani. Shuleni watoto wenzangu waliniuliza kama Mlutheri ni aina ya Mkatoliki, na wale wa Kianglikana walishikilia kwamba hatujui kuhesabu, kwa sababu kwetu "Usiibe" ni amri ya saba na kwao ni ya nane. Tulifunzwa kipaimara kila Jumamosi chini ya mabati na mwinjilisti ambaye wiki nzima alikuwa kuli bandarini. Alikuwa akija na mikono iliyochubuka. Alisoma amri, sisi tukaitikia swali: "Maana yake nini?" Kisha jibu, neno kwa neno. Ukikosea unaanza upya. Nilikariri Katekisimo Ndogo ya Luther yote, nikawekewa mikono, nikapewa cheti, nikakifungia sandukuni. Jibu la swali lile nilikuwa nalo mdomoni, lakini sikuwahi kulipeleka jikoni kwa mamangu.

Sasa nalisoma tena kwa Kijerumani, pamoja na fundi bomba.

Walutheri tunaanzia hapa: mtu anahesabiwa haki mbele za Mungu bure, kwa ajili ya Kristo, kwa imani. Ni ibara ya 4 ya Ungamo la Augsburg, tamko la imani yetu, lililosomwa mbele ya Kaisari tarehe 25 Juni 1530. Hilo nililijua. Swali ambalo sikuwahi kujiuliza ni hili: kama Mungu amekwisha kunipa yote, matendo yangu mema yanakwenda wapi? Yeye hayahitaji. Anayeyahitaji ni jirani. Kuli anaingia zamu tumbo tupu, na Mungu anamlisha kuli huyo kwa mkono wa mamangu. Ungamo lile lile, ibara ya 26, linalalamika kwamba kazi za baba anayelea watoto, mama anayezaa, mtawala anayetawala, zilikuwa zikihesabiwa kuwa za kidunia na pungufu, huku zile za kujitungia, zenye kung'aa, ndizo zikisifiwa. Nilipoisoma ibara hiyo niliweka kitabu chini. Inazungumza juu ya watawa wa karne ya 16, na mimi niliona mtaa wetu.

Mwaka wa 1522 Luther aliandika juu ya ndoa kwamba baba akifua nepi za mtoto wake kwa imani, na majirani wakamcheka, Mungu na malaika wake wanafurahi. Wanaume wa Mikindani, hilo ni lenu.

Najua tayari mmeanza kuniandikia. "Amekula mkate wa Wazungu, sasa anatufundisha dini." Ngojeni kwanza. Sijasema hawa ni watakatifu. Kanisa ninaloabudu lina viti vya watu mia tatu na Jumapili tunakuwa ishirini na kitu, wengi wao wana fimbo za kutembelea. Hapa kodi ya kanisa inakatwa kwenye mshahara pamoja na kodi ya mapato, na anayetaka kutoka anakwenda ofisi ya serikali, anatia sahihi, kwaheri. Wanatoka wengi. Neno la wito liko kwenye kila fomu, na wanaolijaza wamemsahau anayeita. Fundi bomba wetu mwenyewe alituambia alirudi kanisani akiwa na miaka hamsini, baada ya mkewe kufa. Lakini aliposomewa ufafanuzi wa amri ya saba, kwamba tusichukue mali ya jirani wala kuipata kwa bidhaa mbovu na biashara ya hila, bali tumsaidie aitunze na kuiongeza, alifikiri sana kisha akasema: "Ule mfereji unaofunikwa na vigae, hakuna atakayeuona. Huo ndio amri ya saba yangu." Mimi nilikumbuka tangi letu la nyumbani, lililofungwa na watu watatu kwa nyakati tofauti na bado linavuja. Wote watatu wanaimba kwaya.

Basi mnaona ninavyovutwa huku na huku. Nikisikia kwaya zetu kwenye simu nalia. Hapa tunaimba kama watu wanaoogopa kumwamsha mtoto. Matanga yetu, jinsi mtaa mzima unavyokesha na mfiwa, huku hawana. Nimeona mzee akizikwa na watu wanne, mimi mmoja wao. Wakristo wa Mombasa wanajua kumshika mtu mkono. Ninachowauliza ni kwa nini imani yenye nguvu namna hiyo inaishia kwenye geti la kanisa, Jumatatu mizani ya soko la Kongowea ikapotoka kama kawaida.

Wengine mtasema hayo ni mafundisho ya Wazungu, hayatuhusu. Nyumba ninayopanga iko Derendingen, mtaa wa Tübingen. Hapa ndipo alipozaliwa mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka wa 1810, yule yule aliyefika Mombasa mwaka wa 1844 na kabla mwaka haujaisha akawa amemzika mkewe Rosine na kitoto chao kichanga. Alikuwa ametumwa na Waanglikana, lakini malezi yake yalikuwa ya Kilutheri ya hapa Württemberg. Mwenzake Johannes Rebmann alikaa kwetu miaka 29, sehemu kubwa pale Rabai, akaondoka mwaka wa 1875 akiwa karibu kipofu, na waongofu aliowaacha walikuwa wachache mno. Leo mtumishi akikosa ukumbi uliojaa kwa miezi mitatu anahamia mji mwingine. Nampenda Rebmann kwa miaka ile. Na tukisema mafundisho haya ni ya kigeni, tukumbuke kwamba tumeshaishi nayo karibu miaka mia mbili. Tulichokiacha ni kuyauliza maana yake.

Kuna pingamizi moja ambalo nalichukulia kwa uzito, na alinipa dadangu mwenyewe. Alisema: "Ni rahisi kwako. Ukimwambia mama kuwa mahamri ni wito, unamwambia akae hapo hapo na moshi wake, asilalamike." Nilinyamaza siku mbili. Ni kweli, kuna waliolitumia fundisho hili kumtuliza maskini. Lakini dadangu hajasoma Katekisimo Kubwa, na mimi pia nilikuwa sijaisoma. Kwenye amri hiyo ya saba Luther anasema mwizi mdogo ananyongwa huku wezi wakubwa wamekaa kwenye viti vyao, wanaitwa mabwana na raia wema, na wanaiba wakiwa na haki mkononi. Na kwenye ombi la mkate wa kila siku, katika ile Ndogo, anaorodhesha nguo, viatu, nyumba, mke au mume mwema, watawala waaminifu, serikali njema, hali njema ya hewa, amani, afya, marafiki wema, majirani waaminifu. Yote hayo ni mkate. Kisha katika ile Kubwa anasema ingefaa nembo ya mtawala mwema iwekwe mkate badala ya simba.

Tazameni nembo yetu ya taifa. Simba wawili.

Kwa hiyo wito una ngazi zote. Yule aliyekaa ofisini na faili la maji ya Mikindani ana wito, na mamangu akinunua mtungi kwa mkokoteni mwaka baada ya mwaka, kuna mtu anaikiuka amri ya saba na kesho yake yuko kiti cha mbele kanisani. Siwezi kumfundisha mamangu uaminifu wa unga nikamwacha huyo. Dada, nadhani tunakubaliana zaidi kuliko tulivyodhani.

Sehemu iliyonigusa kuliko zote ni ile ya maungamo. Tangu utotoni nilifikiri dhambi za kuungama ni zile za kutisha. Katekisimo Ndogo inauliza niungame dhambi gani, halafu inajibu: itazame nafasi yako kwa Amri Kumi, kama wewe ni baba, mama, mtoto, bwana, bibi au mtumishi, kama umekuwa mkaidi, mvivu, si mwaminifu, kama umeiba, umepuuza, umeharibu kitu. Kwa hiyo nafanya uchunguzi wangu palepale nilipo, zamu ya usiku, vyumba kumi na viwili. Je, nilimgeuza yule mzee kwa wakati, au niliandika tu kwamba nimemgeuza? Swali hilo halijawahi kuniuma kanisani. Linaniuma sasa nikiwa na kalamu mkononi, mbele ya karatasi ya zamu.

Chumba cha mwisho yumo bibi mmoja, mzaliwa wa Thüringen, amepita miaka tisini. Jina langu hulisahau kila siku, la binti yake pia. Nikizima taa anaanza mwenyewe, bila kuongozwa, sala ya jioni ya katekisimo: anamshukuru Baba wa mbinguni kupitia Yesu Kristo kwa kumlinda leo, anaomba msamaha, anajiweka mikononi mwake, mwili na roho. Mimi naifuata kimoyomoyo kwa Kiswahili cha mwinjilisti wetu. Baada ya sala hiyo Luther ameandika agizo: kisha ulale mara moja, kwa furaha. Bibi analala. Mimi nabaki nimesimama hapo nikimshukuru kuli yule aliyetuanzisha upya kila tulipokosea.

Wakati wa baridi, saa kumi alfajiri ya Mombasa ni saa nane usiku hapa, na ndiyo saa yangu ya mapumziko. Juzi nikampigia mamangu. Nikamweleza yote, fomu, Beruf, ibara ya 26, nepi, simba. Alinisikiliza huku akisukuma, nasikia mpini ukigonga ubao. Nilipomsomea yale maneno ya maungamo, mpini ukasimama.

"Wiki jana niliwauzia wale makuli mahamri ya jana," akasema. "Niliyapasha, nikawaambia ni ya leo. Hilo nalo limo?"

Nikamwambia limo. Nikamwambia na msamaha wake umo, palepale, ndiyo sababu ya kuungama.

Alinyamaza, nikasikia mafuta yakianza kulia karaini.

"Basi leo nitawaongeza moja moja," akasema, akakata simu, maana mafuta yalikuwa tayari.