Magadi: tatizo si shukrani

Kila kaunti ya Kajiado na Tata Chemicals, kampuni inayochimba magadi ziwani Magadi, wakikwaruzana, hakosekani mtu wa Nairobi wa kusema hawa watu wa Magadi hawana shukrani, kampuni imewaletea maji, imewawekea hospitali, watoto wao wanasoma, sasa wanataka nini tena, wapewe kiwanda chenyewe? Nimeisikia hadi ndani ya matatu ya Kiserian na abiria wawili watatu wakaitikia.

Na si swali la kijinga. Ukishuka kutoka Nairobi kama kilomita 120 hivi, ukipita Olorgesailie barabara inazidi kuteremka na joto linazidi kupanda, mpaka unaliona ziwa limekaa kama sakafu, jeupe huku, la waridi kule, na ile sakafu ni magadi, haya haya ya kulainishia maharage na ya kutia kwa tumbaku ya wazee. Maji ya kunywa hapo hamna. Mji wote ulizaliwa na kiwanda, tangu Magadi Soda Company iundwe 1911 na reli ikavutwa kutoka Konza, na kusema kweli bila soda, yaani hayo hayo magadi, hakuna serikali ambayo ingekumbuka kujenga hospitali kwenye jua lile. Biashara yenyewe pia si asali. Tata waliipata 2005 waliponunua Brunner Mond ya Uingereza iliyokuwa inaimiliki, na kufika 2014 wakafunga ule mtambo wa soda safi kwa sababu ya gharama za nishati, watu wakaenda nyumbani. Uturuki nao wamejaza soko na soda yao ya asili. Halafu kaunti inakuletea bili ya kodi ya ardhi ya zaidi ya shilingi bilioni 17! Hata ningekuwa mimi ningekimbia kortini. Tena kampuni ina hoja nyingine nzuri, kwamba magadi hayaishi, chemchemi za moto zinaleta mengine, na kwani ng'ombe gani anakula soda? Malisho ya nani yamechukuliwa?

Sasa hapo kwa malisho ndipo mimi nakwama. Ziwa Magadi ni kama kilomita za mraba 100, ukigeuza kwa ekari ni kama 25,000. Ardhi iliyo kwa mkataba wa kampuni ni zaidi ya ekari 220,000. Yaani karibu ziwa mara tisa. Nimepiga hii hesabu mara kadhaa nikidhani nimekosea mahali lakini wapi, inarudi pale pale. Kwa hiyo ukiniambia soda hailiwi na ng'ombe nitakubali, lakini hiyo ni hoja ya ekari 25,000, hizo zingine karibu laki mbili si soda, ni ardhi. Utasema haijazungushiwa ua, wafugaji wanapita na mifugo yao kama kawaida, sawa, lakini kupita kwa sababu mwenyewe hajakukataza na kupita kwa sababu ni kwako, hata mbuzi haoni tofauti ila mzee mwenye mbuzi anaiona. Na mambo ya mikataba ya 1904 na 1911, ile ya Waingereza ya kuwahamisha Wamaasai, mnayajua sitayarudia, we angalia tu mwaka: 1911 Wamaasai wa Laikipia wanaambiwa wahame waje kusini, kusini ndio kwenu, na 1911 hiyo hiyo kampuni inaundwa kuchimba huko huko kusini.

Turudi kwa maji, manake ndiyo yanatajwa sana. Maji ya Magadi yanatoka upande wa Nguruman, kule chini ya miinuko ambako watu wa Olkiramatian wanalima ndizi, bamia na karela, na ambako wafugaji walikuwa wanakimbilia kiangazi tangu zamani sana. Kampuni ikatandika bomba, na njia nzima jamii nayo inachota. Ukifika penye maji utaona punda wamesimama na jerikeni za manjano mbili huku mbili huku, wanawake wanaongea kivulini, ng'ombe wanasukumana kwa birika, na huwezi kusema hicho ni kitu kidogo, hasa ukikumbuka mwaka 2022 mizoga ilivyolala Kajiado nzima. Bomba ni la kampuni, hilo sibishi. Lakini yale maji hayakuundwa kiwandani. Kwa hiyo "kampuni imewapa maji" ni nusu ya habari, nusu ingine ni kwamba kampuni inachota kwao ikiwagawia na wao.

Na hapa ndipo yule wa matatu hakufika. Bomba, hospitali na kazi zikiwa kwa mkono mmoja, mtu analalamika vipi? Ukigombana na bosi utatafuta kibarua Kiserian, ukigombana na mwenye bomba ng'ombe watakunywa wapi? Sijasema kampuni imewahi kumfungia mtu maji kwa sababu ya maneno. Nasema hata isipofunga hata siku moja, anayechota anajua ufunguo uko wapi, na mtu akijua hivyo huwa anapima maneno kabla ya kuyatoa, halafu sisi tukiwa mbali tunaona kimya tunadhani ameridhika, siku akipaza sauti tunasema hana shukrani.

Kaunti nayo isijifanye mkombozi. Hizo bilioni 17 zingeingia makao makuu, Kajiado mjini, si Shompole wala Oldonyo Nyokie, huko karibu na ziwa. Na kama bili ingeangusha kiwanda, hospitali ingeendeshwa na nani, hao hao kaunti ambao hawakuwahi kujenga ya maana? Sheria ya Madini ya 2016 angalau ilisema mrabaha, yale malipo ya kuchimba madini, ugawanywe, asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii. Kumi, baada ya miaka 105 ya kuchimba, na hata hiyo kumi ilikwama Hazina miaka kadhaa jamii za machimbo zikiingoja. Kampuni inaposema imelipa mrabaha inasema kweli kabisa, na mama wa jerikeni akisema hajaona kitu naye anasema kweli, ila hasira zote zinaishia getini kwa kiwanda kwa sababu ndicho kiko karibu, Hazina iko mbali.

Mimi ningeanza na bomba kabla ya hata hizo bilioni. Litolewe mkononi mwa kiwanda, liwe la shirika la maji lenye kamati ya vijiji vya huko huko, na kiwanda kiwe mteja kama wengine, mteja mkubwa kuliko wote, kiwe na mita na kilipe kila mwezi. Litakuwa ghali, na najua mashirika mengi ya maji hapa kwetu yanavyoendeshwa, pampu ikiharibika wiki mbili mnangoja spea. Lakini ikiharibika angalau utaenda ofisini upige kelele, na maji yakirudi punda wako watakunywa kama wa wengine.