Ameokoka, Lakini Anakua?

Mwulize mlokole wa Unguja ameokoka lini, atakutajia hadi tarehe. Mwulize Mwanglikana aliyelelewa Mkunazini, ataguna tu: alibatizwa mchanga, akapata kipaimara, na toba huifanya kila Kwaresima. Kimoyomoyo kila mmoja humtilia mwenzake shaka. Huyu anaona dini ya mazoea, yule anaona moto wa makuti.

Pande zote mbili zina historia ya kujivunia. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, waliojenga kanisa kuu la Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, hawakuharakisha ubatizo wa watu wazima. Mtu alianza kuwa msikilizaji, kisha mkatekumeni, yaani mwanafunzi wa ubatizo, huku mwenendo wake ukitazamwa. Mikononi mwao alikulia Cecil Majaliwa, mtoto aliyekombolewa utumwani, hata akapewa upadri mwaka 1890. Nao uamsho wa walokole, ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulidai uamuzi wa papo hapo: tubu mbele za watu, na ulichoiba karudishe.

Hilo la kurudisha ndilo tunalolisahau. Zakayo alibadilika katika ziara moja tu, lakini angalia alichosema: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Ushuhuda wake ulikuwa wa hesabu.

Sasa mchukue kijana wa bara anayehudumu kwenye baa ya hoteli huko Paje. Jumapili ameshuhudia, kanisa zima limepiga vigelegele. Jumatatu jina lake bado limo kwenye daftari la madeni la duka la mtaani: unga, sukari, vocha. Mwenye duka ni Mwislamu, vigelegele hakuvisikia. Visiwani, ambako Wakristo ni wachache, majirani wengi watamjua Kristo wa kijana huyu kupitia daftari lile.

Kwa hiyo mimi naegemea upande wa polepole. Hata Paulo, baada ya Dameski, alikwenda Arabuni, na ilipita miaka mitatu kabla hajapanda Yerusalemu kumwona Kefa, yaani Petro. Na huyo Kefa, pamoja na Pentekoste yote, kule Antiokia alijitenga mezani na watu wa mataifa kwa kuogopa wenzake, mpaka Paulo akamkemea hadharani.

Ila upolepole nao una ugonjwa wake, na walokole wanausema kwa haki. Kijana akimaliza mafundisho ya kipaimara, amri kumi kichwani, hakuna anayemwuliza tena habari za maisha yake mpaka siku anapopeleka majina ya ndoa. Huko si kukua polepole, ni kusimama. Mlokole angalau huulizwa kila wiki, ingawa mara nyingi huulizwa mambo mepesi: unasali? unafunga?

Kwa yule kijana wa Paje, swali gumu ni lile la kazi. Aendelee kumimina bia, au aache? Wapo wachungaji watakaomwambia aache kesho. Huenda wana haki, lakini anayetoa agizo hilo aketi naye kwanza wahesabu pamoja: kodi ya chumba, fedha za mama kijijini, na deni la dukani. Akiondoka Paje bila kulilipa, mwenye duka atasema mlokole amemkimbia.