Barua ya onyo haitarekebisha mshahara wa mtu

Mwenzangu kazini amepunjwa posho ya zamu za usiku za mwezi mzima. Hatua iliyochukuliwa? Karani wa mishahara kapewa barua ya onyo, shauri likaisha. Nimekereka sana, kwa sababu mwezi ujao kosa hilohilo litamkuta mwingine.

Hebu fuatilieni saa za zamu moja. Msimamizi anaziandika kwenye daftari la mahudhurio. Idara inazinakili kwenye fomu. Ofisi ya utumishi inazihamishia kwenye jedwali la kompyuta. Karani anaziingiza kwenye mfumo wa mishahara. Hatua nne, na hata kila hatua ikipatia mara 99 katika 100, rekodi zinazofika salama ni kama 96 tu. Penye wafanyakazi 500, hao ni watu 20 hivi wanaolipwa visivyo, na hakuna aliyezembea hata mmoja! Ukimfukuza karani leo, atakayekuja atapokea fomu zilezile.

Toyota walijijengea desturi ya kuuliza “kwa nini” mara tano. Tuulize basi. Kwa nini posho haikulipwa? Zamu iliingizwa kuwa ya mchana. Kwa nini? Fomu ilisomeka hivyo. Kwa nini? Msimamizi aliandika M na U kwa haraka, herufi hazitofautiani. Kwa nini anaandika herufi? Kwa sababu fomu haina visanduku vya kuweka alama. Kwa nini haina? Hakuna aliyewahi kumuuliza anayeijaza. Tumefika kwenye chanzo, na jina la karani halijatajwa popote.

Dawa yake ni visanduku viwili, na mfumo unaokataa kupokea fomu isiyo na alama. Shigeo Shingo, mhandisi wa Kijapani, aliwafundisha watu wa viwandani jambo hilihili: panga kazi ili kosa lishindwe kupita. Kuongeza saini ya tatu hakusaidii, maana kila anayesaini anamtegemea aliyetangulia.

Nakubali, makarani wazembe wapo. Na Sigma Sita, mbinu ya kupunguza makosa iliyobuniwa na kampuni ya Motorola, yenye shabaha ya makosa 3.4 kwa kila nafasi milioni moja za kukosea, ni mzigo mzito kwa ofisi ndogo. Lakini kuandika kila kosa lilianzia hatua gani, kwa miezi mitatu tu, kunamshinda nani?

Sharti ni moja: anayelitaja kosa asiadhibiwe. Deming, mtaalamu wa ubora kutoka Marekani, aliweka kuondoa hofu kazini miongoni mwa hoja zake 14 kwa mameneja, na ofisi ya mishahara inaonyesha kwa nini. Karani anayeogopa onyo atamfidia mtu kimyakimya mwezi unaofuata. Makato ya miezi yote miwili yatapotoka, rekodi ya kosa haitakuwepo, na fomu itaendelea kujazwa vilevile.