Nilivyomposa ufagio

Acheni kwanza kunitumia vikatuni vya kulia kwa kicheko. Najua yule rafiki yangu wa Majengo kashawapa stori, na katia chumvi. Sikuvaa kanga. Kilikuwa kikoi.

Ile sendoff ya Nkuhungu, sherehe ya kumuaga bibi harusi niliyolipwa kuipiga picha na video, mnaijua. Video ilifutika kwenye kadi ya kamera kabla haijaingia kwenye kompyuta. Nani alifuta, tuyaache. Fundi akanituliza: ukifuta faili kwenye kadi kama ile, kinachoondoka ni jina. Ni sawa na mwenye nyumba kumkata mpangaji kwenye daftari, vyombo vyake bado vimo ndani mpaka ahamie mwingine. Akawasha programu, faili hilo hapo: _VI_0043.MOV. Herufi ya kwanza imeliwa, lakini tarehe ni ya Jumamosi ileile na ukubwa unakaribia GB 4. Nikawapigia ukoo mzima wa bibi harusi simu, njooni mtazame.

(Nyie wa kompyuta mmeshaanza kucheka. Tulieni.)

Sebule imejaa. Baba mtu kakaa kiti cha mbele, mashangazi kwenye sofa, zabibu zinazungushwa. Nikabonyeza. Giza. Halafu ukuta wa kijani.

"Huu ukumbi gani, mwanangu?" shangazi mkubwa akauliza, anaweka miwani sawa.

Sikujibu. Ukuta nilishaujua. Ni wa chumbani kwangu.

Akatokea mtu kifua wazi, kikoi kiunoni, kakumbatia ufagio wa chelewa. Akakohoa. Akaupigia magoti. "Nimekupenda tangu siku ya vipimo vya sare," akauambia, kisha akauita kwa jina. Jina la mdogo wake bibi harusi. Ndiye aliyeshika sahani ya zabibu.

Natafuta rimoti, kumbe shangazi kaikalia. Kwenye runinga bado natiririka: "Baba yako mkali, lakini anapenda hela, tutamalizana naye."

"Iacheni iendelee," baba mtu akasema.

Basi mpangaji mpya nilikuwa mimi. Nilijirekodi kwenye kadi hiyohiyo, mazoezi yakaandikwa juu ya sendoff. Programu ilisoma jina la zamani, ikaenda palepale, ikazoa ilichokikuta.

Hela nimerudisha. Picha za mnato zimepona. Mdogo mtu kaniandikia jana usiku: "Ufagio umekujibuje?" Mpaka sasa naandika, nafuta.